Nikeli hatari katika vichocheo vya alumina: kuzisoma dalili za vipimo vinavyokinzana

Maabara ikiulizwa kama kichocheo cha nikeli kilichobebwa na alumina, yaani oksidi ya alumini, kinaweza kudhuru afya, jibu linalotolewa kwanza, mara nyingi, ni asilimia ya nikeli yote iliyomo. Jibu hilo linamfaa mhasibu wa ghala, lakini halimsaidii mtu atakayefungua pipa. Nikeli iliyomo ndani ya punje moja inaweza kuwa nitrati iliyosalia tangu utayarishaji, oksidi NiO, spineli NiAl2O4 (oksidi ya pamoja ya nikeli na alumini), metali tupu au, kwa kichocheo kilichokwisha kutumika, salfidi. Na kila umbo lina namna yake ya kuyeyuka, kupeperuka na kufanya kazi mwilini. Mwaka 1990 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliziweka kampaundi za nikeli katika kundi la 1, yaani zinazosababisha saratani kwa binadamu, na metali ya nikeli ikawekwa katika kundi la 2B. Sehemu kubwa ya ushahidi ilitoka kwa wafanyakazi wa viwanda vya kusafishia nikeli, vikiwemo vya Clydach huko Wales na Kristiansand huko Norwei, ambao walipata saratani ya mapafu na ya pua. Kwa hiyo hatari inayotangulia hapa ni ya kuvuta vumbi, ijapokuwa mzio wa ngozi nao si jambo la kupuuzwa.

Ugumu wa kazi hii unaonekana mara tu hesabu inapofanywa. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, GHS, huhesabu mchanganyiko kuwa wa kusababisha saratani ukiwa na asilimia 0.1 au zaidi ya kitu kilicho katika daraja la 1 la saratani. Chukua kichocheo chenye asilimia 15 ya nikeli, ambayo karibu yote imejifunga katika spineli. Endapo sehemu moja tu katika mia ya nikeli hiyo imebaki kuwa NiO huru, kichocheo kina takriban asilimia 0.19 ya NiO, na kiwango kimekwisha kuvukwa. Mchunguzi anatafuta kidogo kilichojificha kando ya kingi kinachofanana nacho, na karibu kila dalili ya kutatanisha inayoelezwa hapa chini inatokana na hali hiyo.

Kabla ya kipimo chochote, sampuli isagwe ndani ya kabati la kufyonza hewa au katika kisanduku cha glavu, si juu ya meza wazi, kwa maana punje nzima haina vumbi kubwa lakini unga wake una vumbi la kutosha kumdhuru anayeusaga. Kichocheo kilichokwisha kutolewa oksijeni kwa hidrojeni kisifunguliwe hewani kabla ya kuthibitishwa kwamba kimetulizwa, kwa sababu nikeli ya punje ndogo huwaka yenyewe ikikutana na hewa.

Dalili: nikeli yote hutofautiana kati ya uyeyushaji mmoja na mwingine

Sababu ya kwanza kuangaliwa ni uyeyushaji wenyewe. Mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya hidrokloriki huyeyusha metali, chumvi na sehemu kubwa ya NiO, lakini spineli na alumina iliyochomwa kwa joto kali hazitikiswi nao kwa urahisi. Mimina myeyusho kupitia karatasi ya kuchujia, kisha utazame masazo kwenye mwanga wa mchana: masazo meupe ni alumina, na masazo yenye rangi ya samawati, hata ikiwa hafifu, yanaonyesha kwamba kuna nikeli ambayo haikufika kwenye chombo cha kupimia. Tiba yake ni kuyeyusha sampuli kwa kuiunganisha na borati ya lithiamu katika tanuri, au kuichemsha katika chombo cha mikrowevu kwa mchanganyiko wa asidi unaoiweza alumina. Ukishapata myeyusho kamili, kipimo cha utoaji wa mwanga wa plasma, ICP, kwa mstari wa nanomita 231.604, hutoa jumla ya kuaminika. Jumla hiyo itunzwe vizuri, kwani hesabu zote za maumbo zinazofuata lazima zirudi kwake, na zisipotimia, kuna umbo ambalo halijaonekana.

Dalili: XRD haionyeshi NiO

Hii ndiyo dalili inayopotosha watu wengi kuliko zote, kwa kuwa karatasi ya difraksheni ya eksirei isiyo na vilele vya NiO husomwa kana kwamba ni hati ya kuthibitisha kwamba oksidi hiyo haimo. Mambo matatu yanaweza kuleta picha hiyo, na moja tu kati yake ndilo linaloripotiwa.

Kwanza, fuwele zinaweza kuwa ndogo mno. Chini ya nanomita 3 hivi, kilele hupanuka na kulala hadi kichanganyike na mandharinyuma, na vichocheo vilivyotayarishwa kwa kulowesha alumina katika myeyusho wa nitrati huwa na fuwele za ukubwa huo mara kwa mara. Pili, vilele hugongana. Kwa mionzi ya shaba, NiO ina vilele karibu na pembe za nyuzi 37.2, 43.3 na 62.9, spineli inavyo karibu na 37.0, 45.0 na 65.5, alumina ya gama inavyo karibu na 37.6, 45.8 na 67. Eneo la nyuzi 37 halifai kabisa kuamulia jambo. Macho yaelekezwe kwenye 43.3 na 62.9, ambako NiO husimama karibu peke yake, na upimaji wa sehemu hizo ufanywe polepole badala ya kupitisha mashine haraka kutoka nyuzi 10 hadi 80. Tatu, ni kweli kwamba NiO inaweza isiwemo, lakini hilo ndilo hitimisho la mwisho kufikiwa.

Kuna mtego mwingine katika vichocheo vyenye magnesiamu. NiO na MgO huchanganyika na kuwa fuwele moja, na vilele vya MgO viko karibu na nyuzi 42.9 na 62.3, yaani jirani kabisa na vile vya NiO. Kilele kinachokaa katikati ya namba hizo mbili si kosa la mashine wala si lazima kiwe MgO safi. Huenda ni mchanganyiko huo, na nikeli yake ihesabiwe.

Wapo wanaojaribu kupata kiwango cha chini cha ugunduzi kwa kuchanganya unga wa NiO wa dukani na alumina tupu, kisha wakaona kilele hadi kwenye kiasi kidogo sana na kufurahi. Njia hiyo huonyesha uwezo mkubwa kuliko ulio wa kweli, kwa sababu NiO ya dukani ina fuwele kubwa zenye vilele vikali, ilhali ile iliyo ndani ya kichocheo ni ndogo na imetawanyika. Vilevile si busara kuipasha sampuli joto zaidi ili fuwele zikue na kuonekana: kuanzia nyuzi 700 za Selsiasi na kuendelea, NiO humezwa na alumina na kuwa spineli, na kitu kilichokuwa kikitafutwa huwa kimegeuzwa na mtafutaji mwenyewe.

Dalili: rangi haipatani na karatasi ya vipimo

Rangi hudharauliwa kwa kuwa haina namba, lakini ndicho kipimo cha bei nafuu kuliko vyote. Spineli ni ya samawati. NiO yenye uwiano kamili wa oksijeni ni ya kijani, na yenye oksijeni ya ziada huelekea kijivu hadi nyeusi. Kata punje katikati kwa kisu chembamba. Ukiona ukingo wa samawati na kiini cha kijani kilichofifia, joto la tanuri halikufika ndani kwa muda wa kutosha, na wastani wowote utakaopatikana baada ya kusaga punje nzima utaficha tofauti hiyo. Katika hali kama hii ni afadhali kukwangua ukingo na kiini kila kimoja peke yake na kuvipima mbalimbali.

Spektra ya mwanga unaorudishwa na unga hulipa jicho namba. Nikeli iliyozungukwa na oksijeni nne, kama ilivyo sehemu ya nikeli ya spineli, huonyesha jozi ya mabonde karibu na nanomita 600 na 640. Ile iliyozungukwa na oksijeni sita, kama katika NiO, huonyesha mengine karibu na 380, 420 na 720. Iwapo spektra yote iko chini na haina sura, chanzo huwa ni NiO nyeusi inayonyonya kila kitu. Changanya sampuli na salfati ya bariamu nyeupe kisha upime upya.

Dalili: kipimo cha hidrojeni kina vilele vingi au vilele vinavyohamahama

Kipimo cha kupandisha joto chini ya mkondo wa hidrojeni, TPR, ndicho kinachokaribia zaidi kulijibu swali letu, kwa sababu hutenganisha maumbo kwa ugumu wa kuondolewa oksijeni. NiO isiyoshikamana na alumina hupoteza oksijeni yake kati ya nyuzi 300 na 400 za Selsiasi au juu yake kidogo. Iliyoshikamana nayo kwa nguvu huchelewa hadi kati ya 500 na 700. Spineli hungoja hadi kupita 750. Namba hizi si mipaka ya mawe. Mpangilio wa kipimo unaweza kuzisogeza kwa makumi ya nyuzi, na mwenye kuzinakili kutoka ripoti ya maabara nyingine bila kuangalia masharti yake atayabandika majina yasiyo yao juu ya vilele vyake.

Kilele kinapotokea chini ya nyuzi 300, usikiite NiO kabla ya kuiondoa nitrati kwenye orodha ya washukiwa. Nitrati iliyobaki nayo hutumia hidrojeni, na kigunduzi cha upitishaji joto hakina uwezo wa kutofautisha. Kipima masi kikiunganishwa kwenye njia ya kutokea kitaonyesha oksidi ya nitrojeni kwenye masi 30, na jambo hilo humaliza ubishi. Kilele chenye mkia unaoshuka hadi chini ya sifuri kwa kawaida kinasababishwa na maji yanayopita kwenye kigunduzi kwa kuwa mtego wa maji umejaa. Kilele kimoja kinene kilichosogea kwenda joto la juu hutokea sampuli ikiwa nyingi mno kwa hidrojeni iliyopo.

Hilo la mwisho lina kanuni yake. Watafiti Monti na Baiker walipendekeza mwaka 1983 kwamba kiasi cha kitu kitakachopoteza oksijeni, kwa mikromoli, kigawanywe kwa zao la kasi ya mkondo na mkusanyiko wa hidrojeni, na jibu liwe kati ya sekunde 55 na 140. Miligramu 50 za kichocheo chetu cha asilimia 15, katika mkondo wa mililita 30 kwa dakika wenye asilimia 5 ya hidrojeni, hutoa takriban sekunde 115, na hapo masharti yametimia. Lakini tazama kinachotokea upande wa pili: ikiwa NiO ni asilimia 0.1 ya sampuli hiyo, hidrojeni itakayotumiwa nayo ni mililita 0.015 tu, wakati nikeli yote inatumia karibu mililita 2.9. Kilele hicho kidogo kitazama katika kelele ya mstari wa msingi, na mchunguzi ataandika kwa dhamiri safi kwamba NiO haimo.

Njia ya kujinasua, pale ambapo vipimo vingine vimeshaonyesha kwamba sehemu kubwa ni spineli, ni kutumia gramu nzima na kusimamisha upandaji wa joto kabla ya spineli kuanza kushiriki. Sasa asilimia 0.1 ya NiO hutumia takriban mililita 0.30 za hidrojeni, kiasi kinachoonekana, na kwa kuwa spineli haijaguswa, kiasi kinachohesabiwa katika kanuni ni kile kidogo kinachopoteza oksijeni, si nikeli yote. Ishikilie sampuli kwenye joto la mwisho mpaka mstari urudi chini, kisha urudie kipimo kwa alumina tupu iliyochomwa kwa namna ileile, ili matokeo yake yaondolewe. Kigunduzi kipimwe kwa NiO safi iliyopimwa uzito, katika kiasi kinachokaribiana na kile kinachotafutwa. Kama kichocheo kina platinamu au paladiamu, tahadhari iongezwe, kwa sababu metali hizo huigawia nikeli hidrojeni mapema na kuvisogeza vilele vyote kuelekea joto la chini.

Dalili: XPS inasema spineli, vipimo vingine vinasema NiO

Spektra ya elektroni zinazong'olewa kwa eksirei huona nanomita chache tu za juu. NiO hutoa kilele kikuu karibu na elektronivolti 854 chenye bega karibu na 856, na spineli hutoa chake karibu na 856 hadi 857. Shida ni kwamba NiO ya punje ndogo sana juu ya alumina husogea kuelekea juu na kujifanya spineli, na hidroksidi ya nikeli nayo hukaa papo hapo karibu na 856. Zaidi ya hayo alumina haipitishi umeme, hivyo spektra nzima huhama kwa sababu ya chaji. Bila kuirekebisha kwa kilele cha kaboni cha 284.8, na bila kuangalia kama kilele cha alumini nacho kimekaa mahali pake, nafasi ya kilele cha nikeli haina maana. Binafsi nisingekubali uamuzi wa usalama unaosimama juu ya XPS peke yake.

Dalili: maji ya kuoshea hugeuka waridi, au hayageuki kabisa

Loweka gramu chache za sampuli katika maji, chuja, ongeza amonia kidogo na dimethiliglioksimu, kitendanishi kilicholetwa na mwanakemia Chugaev mwaka 1905. Tone moja likiwekwa juu ya karatasi ya kuchujia huacha duara la waridi hadi jekundu lenye ukingo mkali iwapo kuna nikeli iliyoyeyuka. Chuma kinaweza kuleta rangi inayokaribiana, na alumini hutoa ute mweupe unaoficha rangi. Tatireti ikiongezwa kabla ya amonia huvifunga vyote viwili.

Waridi maana yake ni kwamba chumvi za nikeli zinazoyeyuka zimesalia, kwa kawaida nitrati ambayo tanuri haikuivunja, na hizo ndizo zinazoingia mwilini haraka kuliko umbo lolote lililo gumu. Tanuri liangaliwe: joto lake, mtiririko wa hewa na unene wa tabaka la punje. Kutoonekana kwa rangi, hata hivyo, hakusemi lolote kuhusu NiO wala spineli, kwa kuwa hazikuyeyuka katika maji hayo.

Wengine huendelea na uyeyushaji wa hatua kwa hatua uliochapishwa na Zatka na wenzake mwaka 1992, ambao hutoa chumvi kwa sitireti ya amonia, salfidi kwa sitireti yenye peroksidi, metali kwa bromini katika methanoli, na kuyahesabu masazo kuwa oksidi. Mbinu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya vumbi la hewani mahali pa kazi. Juu ya kichocheo hutoa salfidi mahali pasipokuwa na salfa hata chembe, na kisa chake ni kwamba metali ya punje ndogo huyeyuka mapema katika hatua ya peroksidi. Pima salfa peke yake kabla ya kuiamini safu hiyo. Masazo nayo huchanganya NiO na spineli bila kuzitenga, na hapo ndipo swali letu lilipoanzia.

Dalili: kichocheo kimeandikwa kuwa ni metali, lakini kina oksidi

Maandishi hayo huwa ya kweli kwa siku kilipotoka kwenye hidrojeni. Ili kiweze kusafirishwa, hupitishiwa oksijeni kidogo iliyochanganywa na nitrojeni mpaka ngozi ya oksidi ijijenge juu ya kila punje ya metali. Watu huifikiria ngozi hiyo kuwa kitu chembamba kisichohesabika. Katika punje ya kipenyo cha nanomita 5, tabaka la nje lenye unene wa nanomita 1 ni asilimia 78 ya ujazo wote. Sumaku ikivuta chupa iliyofungwa, metali imo; lakini sumaku haikanushi oksidi. TPR ikionyesha kilele chini ya nyuzi 300 kwa kichocheo cha aina hii, hiyo ngozi ndiyo mshukiwa wa kwanza, na jina NiO liingie kwenye karatasi ya usalama.

Dalili: kioo cha metali ndani ya bomba lenye joto

Tando ing'aayo ikionekana kwenye sehemu ya moto ya bomba baada ya kichocheo, ilhali monoksidi ya kaboni imepita kwenye metali ya nikeli ikiwa chini ya nyuzi 200 za Selsiasi, simamisha kazi na uondoe watu. Hiyo ni dalili ya nikeli kabonili, Ni(CO)4, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 43 na ambacho mpaka wake wa mahali pa kazi nchini Marekani ni sehemu 0.001 kwa milioni. Aliyeivuta anaweza kuumwa kichwa, akajisikia nafuu, kisha akazidiwa mapafu baada ya nusu siku au zaidi, kwa hiyo apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo. Kinga yake ni kufukuza monoksidi yote kwa nitrojeni wakati kitanda cha kichocheo kingali juu ya nyuzi 200, na kukiacha kipoe baada ya kigunduzi kuthibitisha kwamba njia ni safi.

Vipimo vikizidi kupingana

Uzito wa ushahidi usigawanywe sawasawa. Kipimo kilichoiona NiO kinaaminiwa kuliko vitatu ambavyo havikuiona, mradi nitrati, hidroksidi na makosa ya mstari wa msingi yamekwisha kuondolewa. Ripoti itaje kiwango cha chini ambacho kila kipimo kingeweza kuona katika sampuli hiyohiyo. Neno “haikugunduliwa” likiandikwa bila namba kando yake lirudishwe kwa aliyeliandika. Na pale ambapo hakuna kipimo kilichofika chini ya asilimia 0.1, nikeli yote isiyothibitishwa kuwa kitu kingine ihesabiwe kuwa NiO, pipa libandikwe lebo hiyo, na wanaolifungua wavae kinga ya pumzi inayostahili. Spineli yenyewe isipewe msamaha kwa ugumu wake wa kuyeyuka, kwa sababu kundi la 1 la IARC limezitaja kampaundi za nikeli kwa ujumla wake.